Chaki na Sikio la Chuma

Kabla ya kuingiza kisikizi sikioni, Mama Chaki alilikunjua sikio lake kama mtu anayefungua mdomo wa gunia. Mkono wa kulia ulipita juu ya kichwa, ukalishika sikio la kushoto kwa ncha, ukalivuta juu na nyuma. Mdomo ukaachama. Kisikizi kikasukumwa na kuzungushwa kidogo mpaka kipira chake kikae mahali pake, halafu akaguna: "Mmmm." Mguno ukivuma ndani ya kichwa kama nyuki ndani ya chupa, ujue kipira kimeziba vizuri. Usipovuma, anavua, anabadilisha kipira, anaanza upya, na hata uwe na haraka ya namna gani utamngoja.

"Shemeji, ukiendelea kuachama hivyo inzi ataingia," sauti ikasema kutoka upande wa pili wa pazia.

"Akiingia nitamsikia. Wewe utahitaji mashine."

Mwenye sauti alikuwa mume wa marehemu dada yake, mwalimu wa fizikia aliyestaafu, mrefu, mkavu, kalamu mfukoni siku zote hata akivaa pajama. Watu walimwita Desibeli, kama kile kipimo cha ukubwa wa sauti, na yeye jina alilipokea kama cheo. Mama Chaki mwenyewe alikuwa fundi mitambo wa redio tangu ujana wake hadi walipompa saa ya ukutani na kumwambia asante. Dada alipofariki, wawili hawa walibaki wakitazamana, kila mmoja na nyumba yake kubwa mno. Ndipo wakaanza kazi hii ya kupima visikizi vya bei mbaya, vile vidogo vya kuchomeka sikioni ambavyo mtu anaweza kuvimeza kwa bahati mbaya na akajuta kuliko aliyemeza pete ya ndoa.

Walifanyia kazi hiyo ghorofani, katika duka la vyombo vya sauti, Jumamosi moja kila mwezi. Chumba kilikuwa na viti vya plastiki, kabati la vioo, na trei za mayai zilizobandikwa kutani ili kumeza mwangwi. Pazia lilikigawa nyuma. Upande mmoja Mama Chaki alisikiliza kwa masikio yake. Upande wa pili Desibeli alichomeka pea nyingine ya visikizi vilevile kwenye sikio la chuma, ambalo ni kibomba kifupi chenye mikrofoni chini, kilichotengenezwa kuiga tundu la sikio la binadamu. Mashine ilipuliza mluzi kuanzia mngurumo wa chini kabisa, ukapanda, ukapanda, mpaka ukawa mwembamba kuliko mbu. Ikimaliza ilichora mstari: kushoto sauti nzito, kulia sauti nyembamba, na palipoinuka ndipo kisikizi kinapopaza.

Hayo hufanywa na wengi. Kilichowaleta watu ngazi mbili juu ni ubao. Mama Chaki alitoka nyuma ya pazia kabla ya kuuona mstari wa mashine, akachukua chaki, akachora wa kwake, kwa alichosikia tu. Kisha Desibeli aliwasha projekta, na mstari wa mashine ukaangukia juu ya ule wa chaki. Palipokutana watu walipiga makofi. Palipoachana, shemeji hao walirushiana maneno mpaka watu wakashika mbavu.

Leo lakini kulikuwa na jambo. Mwenye duka, mtu wa makamo mwenye viatu vinavyong'aa ambaye wote walimwita Bosi, alikuwa amemfuata Mama Chaki asubuhi wakati anapangusa ubao.

"Mama, heshima yako naijua. Lakini wateja wa siku hizi wanataka mashine. Chaki ni mambo ya darasa la kwanza."

"Wamekwambia wao?"

"Nakwambia mimi. Leo mistari ikiachana vibaya, ubao unashuka ngazi, na kuanzia mwezi ujao Desibeli atafanya kazi peke yake."

Hakuongeza kwamba mwezi uliopita Mama Chaki alisema kuhusu visikizi fulani kwamba vinasikika kama mtu anayeongea akiwa amefunika uso kwa ndoo, na kwamba visikizi hivyo bado vilikuwa kabatini, havijanunuliwa. Wala hakusema kwamba mstari wa mashine haubishi. Ukiwa na ulimi mzuri unaweza kumweleza mteja chochote juu yake. Hakuhitaji kusema. Mama Chaki alimaliza kupangusa, akakung'uta kitambaa karibu kidogo na viatu vile.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Tutaona nani atashuka."

Alisema hivyo mdomoni. Moyoni ilikuwa kama amemeza jiwe. Kiti kile nyuma ya pazia ndicho kilichobaki mahali pekee duniani ambapo mtu alimuuliza, "Umesikia nini?" na akangoja jibu.

Sasa alikuwa amekaa hapo, visikizi vipya vya Bosi masikioni, vya rangi ya dhahabu, baridi kama sarafu, na kanda yake ikianza. Aliirekodi mwenyewe enzi za redio: kwaya ya akina mama wa kiwanda cha nguo, mikrofoni mbili, ndani ya bohari lenye sakafu ya saruji. Alimjua kila aliyeimba. Alijua nani alikuwa na mafua. Na katika ubeti wa pili, mama mmoja wa safu ya nyuma, mshika stoo, anasogea nusu hatua, na shada la funguo kiunoni mwake linalia: chinchirichi. Fundi mwingine angesimamisha na kurudia upya. Yeye aliziacha, na tangu hapo funguo hizo ndizo zilikuwa mizani yake. Kisikizi kibovu kinazimeza. Cha wastani kinazitupa mbali kana kwamba zimeangukia uani kwa jirani. Kilichotengenezwa na mtu anayejua kazi kinaziacha palepale, kiunoni mwa mwenyewe.

Ubeti wa pili ukaingia. Mshika stoo akasogea. Chinchirichi. Mama Chaki akatabasamu macho yakiwa yamefumba.

Alipotoka nje ya pazia viti vilikuwa vimejaa. Mbele kabisa alikaa msusi wa saluni ya chini, msichana mwenye kicheko cha karibu, ambaye wakati watu wanakusanyika alikuwa ameombwa avijaribu visikizi hivyo kwa kanda ileile. Kando yake alikuwepo mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, mnunuzi wa visikizi ambaye mkewe alikwisha kuapa kwamba akileta pea nyingine atalala nayo huko huko kwenye lori.

"Mama Chaki, usituangushe!" dereva akaita.

"Wewe uliangusha malori, mimi niangushe mstari?"

Watu wakacheka. Akaigusisha chaki kwenye ubao upande wa kushoto.

"Huku chini bwana kisikizi amejaa," alisema huku mkono ukienda, "lakini hajatapakaa. Ngoma ina mwanzo na ina mwisho. Hapa katikati, sikilizeni niwaambie, hapa ni raha tupu. Akina mama wamekaa bega kwa bega, na bado unaweza kupita katikati yao bila kumkanyaga mtu." Mstari uliinuka kidogo, ukatulia, kisha ukaanza kuteremka kulia, taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo kichwani. "Na huku mwisho ni jioni. Ameinamisha taa. Hakuna kinachokwaruza. Funguo zimetulia kiunoni kwa mwenyewe."

"Zimetulia?" Msusi alishika sikio lake. "Mama, samahani. Mimi funguo hizo zimenichoma kama sindano. Nimevua."

Mama Chaki aliangalia vipira alivyokuwa amepewa msichana, akaona ni vya saizi yake, vimekaa sawa.

"Uliviziba vizuri?"

"Niliguna kama ulivyotufundisha. Vikavuma."

Desibeli akawahi kuwasha projekta, haraka kuliko kawaida yake. Mstari wa buluu ukaangukia juu ya chaki, na kweli, kushoto ilikutana, katikati ikakutana, hata pale penye raha tupu paliinuka kidogo palepale Mama Chaki alipoinua. Makofi yakaanza. Ila mstari wa buluu haukufika mwisho. Kabla ya jioni ya Mama Chaki kuingia vizuri, ulikatika.

"Mbona umeishia njiani?" Bosi aliuliza.

"Huko mwisho sikio la chuma halina uhakika," alisema Desibeli huku akikunja na kukunjua waya. "Ukisukuma kisikizi ndani kidogo, kilele kinahama. Ukikivuta, kinahama tena. Kwa hiyo huwa nakata."

Hilo lilikuwa kweli, na wote wawili walikuwa wamelieleza mara nyingi kwenye viti hivyo. Lakini Bosi alinyoosha kidole ukutani, zilikobandikwa picha za vikao vya zamani. Kwenye kila picha mistari yote miwili, wa chaki na wa buluu, ilikimbia hadi ukingoni mwa ubao.

"Zamani ulikuwa na uhakika?"

Desibeli aliendelea kukunja waya. Mama Chaki alizitazama picha, akamtazama yeye. Alimjua mtu huyu. Alimjua alivyokuwa siku alipokuja kumposa dada yake akiwa amevaa soksi za rangi mbili. Uso ulikuwa uleule.

"Onyesha yote, shemeji."

"Shemeji, haina ma—"

"Onyesha."

Akabonyeza. Mstari wa buluu ukaendelea pale ulipokatiwa, na badala ya kuteremka na chaki, ulipanda. Ulipanda mlima mzima, mwembamba, mkali, uliosimama peke yake juu ya jioni ya Mama Chaki kama mnara juu ya uwanja mtupu. Hata mtu akisema kilele kimehama kidogo kushoto au kulia, mlima haukuwa wa kuhama. Mlima ulikuwepo.

Bosi akapiga kofi moja la furaha. "Mnaona? Mnaona sauti inavyopaa! Huo ndio uhai, jamani, hiyo ndiyo dhahabu yenyewe! Mashine imesikia mlima, Mama amesikia jioni." Akacheka, na wawili watatu wakacheka naye kwa sababu alikuwa mwenye duka. "Tusilaumiane. Umri ni umri."

"Mapumziko," alisema Mama Chaki. "Watu wanywe maji."

Akamshika Desibeli mkono wa shati, akamvuta hadi stoo, katikati ya makatoni, akafunga mlango kwa kisigino.

"Umeanza lini kukata?"

"Shemeji..."

"Usinishemejie. Lini?"

"Tangu mvua zile zilizopita." Alikuwa anaongea na katoni. "Mistari yako ilianza kuteremka mwishoni. Kisikizi kizuri, kisikizi kibaya, ukifika pale unateremka. Nikasema amechoka. Nikasema ana mafua. Nikanunua hata vipira vipya."

"Vile vya kijani? Ulisema ni zawadi."

"Vilikuwa zawadi pia."

"Na funguo je? Kila kikao nimewaeleza watu habari za funguo. Mtu asiyesikia atasemaje funguo ziko wapi?"

Desibeli alitoa kalamu mfukoni, akairudisha. Halafu akasema kwa sauti ya mtu anayetema jino: "Mwezi uliopita, ile kanda uliyosikiliza, nilikuwa nimezitoa."

"Umezitoaje?"

"Kwa kompyuta. Nilitaka kujua. Nilizifuta zote, hazimo hata moja. Na wewe ukatoka ukasema ziko kiunoni kwa mwenyewe, safi, kama mvua ya kwanza juu ya bati."

Nje mtu alikuwa anaburuta kiti. Mama Chaki alifungua mkoba wake polepole, akatoa funguo za nyumba yake, akazitikisa karibu na sikio la kulia. Kisha la kushoto. Alisikia kotokoto ya chuma, butu, kama vijiko ndani ya sufuria ya uji. Akatikisa tena kwa nguvu. Ule mng'aro wa juu, ile chinchi ya chinchirichi, haikuwepo. Wala haikuwa imeondoka leo. Miezi yote hii kwenye kanda kichwa chake kilikuwa kinazipika funguo chenyewe na kumpakulia, na yeye akala akasifu.

"Nilikuwa nazisikia kwa kumbukumbu," alisema.

"Ulikuwa unazipenda mno."

"Toka hapa na mapenzi yako!" Funguo zikatupwa mkobani. "Umenipima. Umeniweka mezani ukanipima kama kisikizi, bila kuniambia, kisha ukanifunika shuka."

"Nilitaka kukustiri."

"Mimi si nguo iliyopasuka hata unistiri. Sikiliza. Sikio la chuma linadanganya kidogo, hilo tunalijua na tunawaambia watu mchana kweupe. Wewe umedanganya sana na ukanyamaza."

"Ningekwambia ungeacha."

"Nani kakwambia ningeacha?"

Desibeli alitazama nyuma ya makatoni. Baadaye akajaribu: "Kuna mlango wa nyuma. Nitawaambia tumbo limekushika."

"Tumbo langu limewakosea nini?" Akajipangusa macho kwa kiganja, mara moja, kwa hasira, akajipaka chaki shavuni bila kujua. "Twende. Utawasha mluzi kwenye spika kubwa."

Watu walikuwa wamerudi vitini. Bosi alikuwa ameshaanza kuulegeza ubao kutoka kwenye misumari yake.

"Uache hapo kwanza," Mama Chaki alisema, na Bosi akauacha kabla ya kukumbuka kwamba duka ni lake. "Jamani, kuna mchezo. Desibeli atapuliza mluzi, ule wa mashine, utapanda mpaka usisikike. Kila mtu ainue mkono. Mluzi ukipotea masikioni mwako, shusha. Fumbeni macho msiibiane. Bosi, na wewe mwanangu, uko kundini."

"Mimi masikio yangu ni mazima."

"Basi mkono hautakuuma."

Mikono ikainuka. Mluzi ukaanza chini, viti vikatetemeka, ukapanda ukapita sauti za wanaume, ukapita sauti za wanawake, ukapita filimbi. Mama Chaki naye alifumba macho, mkono juu. Alikuwa anaufuata kama mtu anayefuata mgongo wa mwenzake sokoni: yupo, yupo, yule pale, amepinda kona. Kisha hakuna. Alitega. Kichwa kilitaka kumpa mluzi, kilikuwa tayari na sahani mkononi, na kwa mara ya kwanza alikikatalia. Akashusha mkono, akafumbua macho.

Mkono wa dereva ulikuwa ushateremka zamani, umetulia gotini. Wengine wenye mvi walishusha kabla au baada yake kidogo. Wa msusi ulisimama wima kama mlingoti. Wa Bosi pia. Mluzi uliendelea huko ambako Mama Chaki hakuwa tena, na masikioni mwake chumba kilikuwa kimya, feni tu ikizunguka. Kisha Desibeli akainua kidole, akauonyesha waya: alikuwa ameshauchomoa kwenye spika.

Mkono wa msusi ulikuwa umeshuka papo hapo waya ulipotoka.

Wa Bosi ukabaki. Macho yamefumba, uso umelainika kama mtu anayeonja asali, mkono juu. Watu walifumbua macho mmoja mmoja. Msusi aliuma kitambaa chake.

"Bosi," dereva akasema kwa upole, "shuka. Gari limefika."

Chumba kikapasuka. Mtu mmoja alianguka na kiti. Bosi alifumbua macho, akauona waya mkononi mwa Desibeli, na shingo yake ikabadilika rangi.

"Nilikuwa nausikia," alisema.

"Najua," Mama Chaki alimjibu, na hakucheka. "Ulikuwa unausikia kweli. Hata mimi mwezi uliopita nimesikia funguo ambazo hazimo." Akawageukia watu, akawaeleza yote: mstari uliokatwa, kanda iliyofutwa, vijiko ndani ya sufuria ya uji. Hakupunguza, hakuongeza. Desibeli alitazama sakafu wakati wote. Kicheko kilikuwa kimekwisha, na baadhi ya watu walianza kumtazama Mama Chaki kwa ule uso ambao watu huuvaa hospitalini.

Uso huo ndio uliomchemsha.

"Msiniangalie hivyo! Sijafa. Shemeji, mkono wangu ulishuka wapi?"

Desibeli akaweka alama ya buluu ubaoni. Mama Chaki akachukua chaki na kuchora mstari mwingine, wa kusimama, kutoka juu ya ubao hadi chini, kukatiza mlima ubavuni. Chaki ilivunjika. Akaokota kipande, akaurudia mstari mpaka ukawa mnene kama kidole.

"Hapa ndipo ninapoishia. Kushoto kwa mstari huu nibishieni, nitawajibu mmoja mmoja, na mashine nayo ije. Kulia mimi sipo. Kulia aulizwe sikio la chuma, aulizwe pia binti huyu. Sasa hukumu yangu." Akagonga ubao. "Hivi vya dhahabu, kama masikio yako bado mabichi, vitakuchoma. Sikuusikia mlima, ila mlima upo na binti kaukanyaga. Usinunue. Lakini kama umeishia hapa ninapoishia mimi, basi mlima huo ni wa nchi nyingine. Utabaki na akina mama wamekaa bega kwa bega, na raha ile ya katikati sijaipata kwenye kisikizi kingine mwaka huu."

"Huwezi kusema hivyo!" Bosi alikuja mbele. "Usinunue, nunua... Hukumu gani hiyo? Na nani atataka maoni ya nusu sikio?"

"Mimi," dereva alisema. Alisimama, magoti yakilia. "Kila mara mnanieleza habari za mng'aro, sijui hewa, sijui vumbi la almasi. Nanunua, navaa, natafuta vumbi la almasi mpaka nahisi nimeibiwa. Kumbe liko ng'ambo. Mama, nichoree na mimi wangu."

"Na wangu," alisema mwanamke mwenye mvi nyuma.

"Wangu utaukuta nje ya ubao," msusi akasema, na kicheko cha karibu kikarudi.

"Hapa si kliniki!" Bosi alikuwa ameushika ubao tayari. "Tulikubaliana. Mistari imeachana. Ubao unashuka."

"Unashuka," Mama Chaki alisema, akaushika upande wa pili na kuuvuta kwake. "Lakini haushuki kwa sababu imeachana. Mistari ikiachana ndipo kazi inaanza, hilo umekaa nasi miaka yote hukulisikia, na masikio yako mazima. Unashuka kwa sababu ni wangu. Niliupaka rangi mwenyewe."

Ulikuwa ubao mzito, mlango wa kabati la shule ya zamani. Aliubeba ubavuni hadi mlangoni, akagonga kona, akajaribu tena, akagonga tena. Desibeli alimfuata na sikio la chuma likiwa limefungwa kwenye shati lake la ziada, pazia begani.

"Nikusaidie?"

"Sihitaji."

Aliteremka hatua kadhaa. Ubao ulimvuta mbele, chaki ikamwagikia viatuni. Akasimama. Hakugeuka.

"Shika huko nyuma," alisema. "Na usikate hata inchi."

Waliupitisha barabarani hivyo hivyo, mbele ya duka la dawa, mbele ya fundi baiskeli aliyeacha pampu kuwatazama, mistari ya chaki ikiwa bado juu yake, ule wa kulala na ule mnene wa kusimama. Mtu akauliza wanauza nini. "Masikio!" Mama Chaki akamjibu, na akaongeza mwendo.

Kikao kilichofuata kilifanyika sebuleni kwake. Viti vilikuwa vya kila aina, na dereva alikuja na cha kwake kutoka nyumbani, pamoja na mkewe, aliyetaka kuona kwa macho yake hao wanaomharibu mzee. Karibu na mlango Desibeli alitundika spika moja, na hakuna aliyepita kwenda kukaa kabla ya kuinua mkono na kuchorewa mstari wake kwenye ukuta uliopakwa rangi nyeusi. Mke wa dereva alimshinda mumewe kwa mbali, na akamwambia hivyo jioni nzima. Yule mwenye duka hakuja. Ila msusi alisema amemwona siku moja dukani, peke yake, akitikisa funguo zake karibu na sikio.

Mama Chaki aliketi nyuma ya pazia. Alivuta sikio juu na nyuma, akaachama, akazungusha kipira, akaguna mpaka nyuki akavuma. Alikuwa amemwamuru Desibeli alete kanda kamili, ile yenye funguo. Kwaya ikaanza. Ubeti wa pili ukaingia. Mshika stoo akasogea nusu hatua, na kiunoni mwake, safi kabisa, kama mvua ya kwanza juu ya bati: chinchirichi.

Akawaacha waimbe mpaka mwisho. Kisha akavua, akatoka, akachora mstari wake kutoka kushoto, ukapanda, ukatulia, ukafika kwenye ule mnene wa kusimama, na hapo akaondoa mkono.

Desibeli alimsogelea, akanong'ona. "Umezisikia?"

"Nimezisikia," alisema Mama Chaki kwa sauti ya watu wote, "na sijaziandika. Washa mashine."